Je, ubongo wa anayebeti kila siku unaweza kurudi?

Swali: "Nina miaka 31, nimeoa na nina mtoto mmoja. Nilianza kubeti mpira miaka minne iliyopita kwa madau madogo. Sasa nabeti karibu kila siku, na tangu mwanzo wa mwaka huu nimeingia kwenye ule mchezo wa kindege, kinachopaa kwenye simu huku dau likiongezeka na lazima ushuke kabla hakijatoweka. Nina mikopo mitatu ya simu na deni la kazini. Mke wangu anajua mkopo mmoja tu. Nimejaribu kuacha zaidi ya mara kumi. Nafika siku ya tisa au ya kumi, halafu narudi na kucheza kuliko mwanzo. Nimesoma kwamba dopamini yangu imekwisha, ubongo umeungua, na kwamba nifunge siku 30 bila simu, bila muziki, bila kitu chochote kitamu ili ijae upya. Rafiki yangu anasema kuna vidonge. Mimi moyoni naona nikipata mkeka mmoja mkubwa, yaani dau moja la mechi nyingi ambazo zote lazima ziingie, nikalipa madeni yote, nitaacha kwa amani. Wiki iliyopita timu tisa ziliingia, ya kumi ikanichania dakika ya 88. Je, ubongo wangu utarudi kama zamani? Nianzie wapi? Kuna usiku natamani nilale nisiamke."

Jibu: Ndugu yangu, nianze na sentensi uliyoiweka mwisho kabisa, kana kwamba imekuponyoka. Kutamani kulala usiamke si jambo la kulipita juu juu. Uraibu wa kamari ni miongoni mwa ule unaowasogeza watu karibu sana na kujiua, na mara nyingi kinachomlemea mtu ni siri kuliko deni lenyewe: anabeba peke yake mzigo ambao ungepungua uzito siku ambayo mtu wa pili angeujua. Kwa hiyo leo, kabla hujasoma mengine, mwambie mtu mmoja unayemwamini sentensi hiyo kama ulivyoniandikia mimi, neno kwa neno. Na kama umeshaanza kuwaza namna ya kufanya, au kuna kitu umekiweka tayari, hilo halisubiri miadi. Nenda hospitali ya karibu, idara ya dharura, leo hii, na usiende peke yako. Deni lolote linaweza kupangiwa upya. Wewe huwezi.

Ukiwa salama, tuje kwenye swali lenyewe. Unaogopa kwamba umejiharibu na hakuna kurudi, na papo hapo umeshikilia tumaini kwamba ushindi mmoja utamaliza yote. Hofu yako imezidi ukweli. Ila hilo tumaini ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, na nitalirudia.

Dopamini kwanza. Si mafuta kwenye tangi yanayokwisha ukiendesha sana. Ni kemikali ambayo seli za neva huitengeneza kila siku na kuitumia kupelekeana taarifa, na kazi zake ni nyingi: kutembea, kujifunza, kukumbuka kilichokupa faida, kukusukuma ukifuate tena. Mtu ambaye seli zake za dopamini zimekufa kweli ni mgonjwa wa Parkinson. Huyo utamwona mikono inatetemeka, hatua zimekuwa fupi, mwili umekakamaa. Wewe unaamka, unakwenda kazini, na odi, zile namba zinazozidishwa kwa dau ili kupata malipo, unazizidisha kichwani upesi kuliko wenzako. Kamari, tofauti na pombe, haiingizi sumu yoyote mwilini. Hakuna kilichoungua. Ubongo wako umejifunza jambo moja kwa bidii iliyopita kiasi, na umelijifunza kwa njia ileile uliyojifunzia kila kitu kingine.

Njia hiyo ilionekana wazi katika miaka ya 1990, Wolfram Schultz na wenzake walipopima seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Juisi ilipokuja bila kutarajiwa, seli ziliwaka. Nyani alipozoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli ziliacha kuwaka kwa juisi, zikaanza kuwaka kwa taa. Taa ikiwaka halafu juisi isije, seli zilinyamaza palepale juisi ilipotakiwa kufika. Ina maana seli hizi hazipimi utamu. Zinapima pengo kati ya ulichotarajia na ulichopata, kisha zinahamia kwenye dalili inayotangulia. Mwaka 2003 kundi hilohilo likaonyesha kwamba pale nyani asipoweza kujua kama juisi itakuja au la, nusu kwa nusu, seli hizo zilipanda taratibu muda wote wa kusubiri, kuliko pale alipokuwa na uhakika wa kuipata.

Sasa jiangalie. Meseji ya mshahara inalia, na moyo unaanza kudunda kabla hata hujashika simu. Hiyo meseji ndiyo taa yako. Taa nyingine unazijua mwenyewe: Jumamosi mchana, wenzako wanapobishana kuhusu kikosi, tangazo lenye odi, ugomvi nyumbani, kukaa peke yako usiku na chaji imejaa. Na mkeka wa mechi kumi ni nini kama si saa kadhaa za kusubiri kitu kisichojulikana? Ubongo umeshalipwa msisimko kabla ya refa kupuliza kipyenga cha kwanza.

Kuna jambo jingine linalowatesa wengi wasilielewe. Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza mwaka 1993 kwamba kutaka kitu na kukifurahia ni mifumo miwili tofauti ndani ya ubongo, na uraibu hukuza ule wa kutaka huku ule wa kufurahia ukibaki palepale au kufifia. Ndiyo sababu unaweza kukaa na kindege usiku kucha bila furaha hata chembe, unajichukia, na kidole bado kinabonyeza. Watu wa nje wakiona hivyo wanasema huyu anapenda starehe. Wamekosea, na wewe usijihukumu kwa kipimo hicho.

Turudi kwenye timu tisa zilizoingia, maana ndani ya mkeka ule mna sehemu kubwa ya ugonjwa wako. Chukua mfano mwepesi: mechi kumi, kila moja nafasi yake nusu kwa nusu. Odi ya haki ingekuwa 2.00. Kampuni inakupa 1.90, na tofauti hiyo ndiyo riziki yake. Kwenye mechi moja, katika kila 100 unazoweka, unarudishiwa wastani wa 95. Kwenye mkeka wa mechi kumi, ile 0.95 inazidishwa yenyewe kwa yenyewe mara kumi, na kinachobaki ni karibu 0.60. Katika kila 100, wastani wa 60 tu ndio unaorudi. Odi itasomeka kama 613 na macho yatavutika, lakini nafasi ya timu zote kuingia ni 1 kati ya 1,024. Halafu tazama hili: nafasi ya kuchaniwa na timu moja tu ni 10 kati ya 1,024, kwa sababu mchanaji anaweza kuwa yeyote kati ya wale kumi. Kwa hesabu tupu, mkeka wa namna hiyo utakosa kwa timu moja mara kumi zaidi ya utakavyoshinda. Wiki iliyopita hukukaribia chochote. Kukosa timu moja ni sura ya kawaida ya kupoteza, na mikeka mirefu huizalisha kwa wingi.

Ubongo, lakini, hauhesabu hivyo. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwapiga watu picha za ubongo wakiwa wanacheza mchezo wa mashine ya kamari. Kukosa kidogo kuliamsha baadhi ya sehemu zilezile zinazoamka mtu anaposhinda. Washiriki walisema hali hiyo inawaudhi, lakini iliwaongezea hamu ya kuendelea, hasa pale walipokuwa wamechagua wenyewe alama ya kuchezea. Wewe timu zako ulizichagua mwenyewe, ukasoma majeruhi, ukaangalia msimamo wa ligi. Kwa hiyo dakika ya 88 ilikuambia "unajua, bado kidogo," wakati taarifa sahihi ilikuwa "umepoteza, kama kawaida."

Kindege ni kikali zaidi kwa sababu ya kasi. Kadiri muda kati ya dau na jibu unavyofupika, ndivyo ubongo unavyojifunza haraka na ndivyo sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosema "ngoja kwanza," inavyokosa nafasi ya kusema. Mechi ina dakika 90. Kindege kina sekunde chache, na raundi nyingine inaanza kabla maumivu ya iliyopita hayajafika. Tena kila ukishuka mapema unaonyeshwa kilipoishia, na kila ukichelewa unaona ulipotakiwa kushuka, kwa hiyo kila raundi inakuachia funzo la uongo. Raundi mpya haikumbuki chochote cha raundi iliyopita, na hakuna mfululizo wa namba unaoweza kuusoma. Vyote viwili inabidi vikatwe, ila ukiniuliza kipi kisifike kesho, nitakutajia kindege.

Kwa nini siku ya tisa au ya kumi? Siku za mwanzo unalindwa na aibu. Hasara ya mwisho bado inauma, na maumivu hayo yanafanya kazi ya uzio. Aibu ikipoa uzio unaanguka, huku wikendi ya pili au mshahara ukiwasha taa upya. Chini ya hayo kuna kanuni ya zamani ya kujifunza: ubongo haufuti. Pavlov aliona kwamba mbwa akiacha kudondosha mate kwa ishara iliyokuwa ikileta chakula, kwa kuwa chakula hakiji tena, ukimpumzisha kisha umletee ishara ileile, mate yanarudi. Somo la zamani lilikuwa limefunikwa na somo jipya, halikuwa limefutika. Kwa hiyo uliporudi siku ya kumi hukuthibitisha kwamba wewe ni dhaifu. Ulionyesha kwamba siku kumi bila kubeti, bila kubadilisha kitu kingine chochote, hazitoshi kujenga somo jipya lenye nguvu.

Jibu langu la kweli kuhusu kurudi ni hili. Kumbukumbu ya kubeti haitafutika. Huenda miaka mitano ijayo ukasikia wenzako wakitaja odi na kitu ndani kikatikisika kidogo. Lakini hamu itakuja mara chache zaidi, itakuwa nyepesi, itapita upesi, na uwezo wako wa kusema hapana utarejea. Kwa wengi wiki za mwanzo ndizo nzito: usingizi wa mang'amung'amu, hasira za karibu, kila kitu kinaonekana hakina ladha. Hali hiyo inachosha lakini haihatarishi maisha kama inavyoweza kuwa kwa mlevi wa kila siku anayeacha pombe ghafla. Huyo anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo na lazima asimamiwe na daktari. Nalitaja kwa sababu wabetaji wengi pia hunywa. Kama wewe unakunywa kila siku, usiviache vyote kwa mpigo bila kumwambia daktari.

Huko "kufunga dopamini" siku 30 hakujazi chochote, maana hakuna kilichopungua tangini. Chembe ya ukweli iliyomo ni kwamba kukaa mbali na taa zako kunasaidia. Kukaa mbali na muziki, chakula kizuri na mazungumzo ya marafiki hakusaidii. Kunakunyang'anya vitu ambavyo vingekushika mkono jioni ngumu. Mtu aliyefunga kila kitu huvunja mfungo kwa kile anachokitamani zaidi, na kwako hicho unakijua.

Sasa lile tumaini. "Nikirudisha hela nilizopoteza nitaacha" si mpango wa kutoka. Ni dalili ya ugonjwa, na imeandikwa hivyo. Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la mwaka 2013, uliiweka kamari kwenye kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, na ukataja dalili 9: kuhitaji dau kubwa zaidi ili usisimke, kuwashwawashwa ukijaribu kupunguza, kushindwa kuacha mara kwa mara, kuiwaza muda mwingi, kucheza ukiwa na dhiki ya moyo, kurudi kesho kufuata ulichopoteza jana, kuficha au kudanganya, kuhatarisha ndoa, kazi au masomo, na kutegemea wengine wakuokoe kifedha. Dalili 4 au zaidi ndani ya miezi 12 zinatosha daktari kuita hali hiyo ugonjwa. Katika barua yako fupi tu naona dalili zinazofika idadi hiyo, ingawa utambuzi hasa hufanywa ana kwa ana.

Jiulize pia: mara ya mwisho uliposhinda kiasi kikubwa, hela ile ilikaa siku ngapi? Ushindi mkubwa ni ile juisi isiyotarajiwa. Ungelipa sehemu ya deni, na ubongo ungeandika kwa wino mzito kwamba njia ya kutoka kwenye deni ni kubeti. Namwogopea mraibu aliyeshinda jana kuliko aliyepoteza.

Basi uanzie wapi? Anza na hela na simu, kabla ya moyo. Wengi huanza na kiapo, na kiapo kinakutana na mshahara mikononi siku ya kumi. Nguvu ya kujizuia hupungua ukiwa umechoka, umelewa au una hasira. Uzio ulioujenga ukiwa umetulia haupungui. Usiku wa leo fungua kila akaunti ya kubeti na uombe kujifungia, ile huduma ya mchezaji kuzuiwa kwa hiari yake, kwa muda mrefu kuliko wote unaotolewa. Kosa la kawaida hapa ni kusema "nitafunga nikishatoa salio." Salio hilo huchezwa lote. Litoe papo hapo kama linatoka. Kama halitoki, au ni bonasi yenye masharti, liache lipotee. Kisha weka programu ya kuzuia tovuti za kamari. BetBlocker, kwa mfano, ni ya bure. Iweke kwenye vifaa vyote vya nyumbani, nywila awe nayo mtu mwingine. Haitaziba kila tundu, hasa kubeti kwa meseji, kwa hiyo zuia pia namba zinazokutumia matangazo na utoke kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram yanayouza "mikeka ya uhakika." Mwenye mkeka wa uhakika asingeuuza.

Kwa hela: kwa miezi 3 hadi 6, mshahara uingie mahali ambapo huwezi kuugusa peke yako. Mke au ndugu unayemwamini apokee, alipe kodi, chakula na madeni, akupe matumizi ya siku mbili tatu. Futa programu za mikopo na uombe kikomo cha matumizi cha huduma zako za fedha kishushwe. Najua inadhalilisha kwa mtu mzima kupewa nauli. Lichukulie kama plasta ya gipsi juu ya mfupa uliovunjika: unaivaa kwa muda, na hakuna anayesema aliyeivaa hana mguu.

Hilo haliwezekani bila mke wako kujua yote. Nasema yote, maana kosa kubwa kuliko yote hapa ni kusema nusu. Akisamehe mkopo mmoja leo, akagundua wa pili baada ya wiki mbili, kitakachomuumiza ni uongo wa pili, na siri iliyobaki itakupa sababu ya kubeti ili uizibe. Andika karatasi moja: kila deni, unadaiwa na nani, kiasi, riba, tarehe. Mpe aisome mtoto akiwa amelala, simu zikiwa mbali. Unaweza kuanza hivi: "Nina tatizo la kubeti, nimekuficha, deni lote ni hili, na naomba kuanzia leo hela zisipitie mikononi mwangu." Usimwahidi kwamba hutarudia kamwe. Mwahidi mambo anayoweza kuyaona kwa macho: akaunti zimefungwa, mshahara uko kwake, miadi ni siku fulani. Akikasirika, ana haki. Mpe muda wa kutulia. Na kama una hofu hutayamudu mazungumzo hayo, omba yafanyike mbele ya mshauri.

Kwenye madeni, sheria ya kwanza ni kutokopa ili kulipa mkopo. Wapigie wanaokudai, waombe ratiba ndefu zaidi. Wengi hukubali kuliko kukosa kabisa. Ndugu akijitolea kulipa yote kwa mara moja, mshukuru, lakini kubali tu pale uzio wa hela umeshasimama, na amlipe mdai moja kwa moja. Nimeandika hili kwa msisitizo kwa sababu deni likifutwa huku njia ziko wazi, mtu hujiona mwepesi, mkopo mpya unapatikana kwa urahisi, na mzunguko unaanza upya ukiwa mkubwa zaidi.

Uzio ukisimama, tiba yenyewe inaanza. Yenye ushahidi mzuri kuliko zote ni tiba ya kubadili fikra na tabia, kwa kawaida vikao vya kila wiki vinavyofika 8 au 12, peke yako au kwenye kundi. Si mawaidha. Mtaalamu atakupa daftari uandike kila hamu: saa ngapi, ulikuwa wapi, uliwaza nini, iliuma kiasi gani kati ya 0 na 10, ulifanya nini. Baada ya wiki mbili daftari huonyesha mpangilio ambao wewe hukuuona. Mtachambua mawazo kama "leo zamu yangu" na "nina deni, sina la kupoteza." Mtajifunza kuikalia hamu bila kuitii: inapanda, inafika kilele, inashuka, mara nyingi ndani ya nusu saa usipoilisha. Ikija, simama, ondoka ulipo, mpe mtu simu, tembea dakika 20, ujaze daftari kabla na baada. Kila mara hamu inapopita bila dau, ubongo umeandika mstari mmoja wa somo jipya. Hakuna njia ya mkato ya kuuandika mstari huo. Unaandikwa taa ikiwa inawaka.

Ukipata kundi la wanaoacha kamari, kama Gamblers Anonymous lililoanzishwa Los Angeles mwaka 1957, nenda japo mara tatu kabla ya kuamua kama linakufaa. Lina mapokeo yake ya kiroho ambayo wengine hayawakai vizuri, na halichukui nafasi ya tiba. Lakini kusikia mtu mwingine akisimulia dakika ya 88 yake hufanya kazi ambayo mimi siwezi kuifanya kwa maandishi.

Vidonge vipo, rafiki yako hakukosea kabisa, ila hakuna kinachosafisha ubongo. Dawa yenye ushahidi unaoeleweka zaidi ni naltreksoni, mara nyingi miligramu 50 kwa siku. Inaziba vipokezi vya kemikali za mwili zinazofanana na afyuni, na kwa baadhi ya watu inapunguza makali ya hamu. Imeidhinishwa kwa uraibu wa pombe na wa afyuni. Kwa kamari daktari huitoa kwa uamuzi wake, na mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2025 unaiweka nyuma ya tiba ya mazungumzo, pale hiyo isipotosha. Kabla ya kuianza hupimwa ini, na lazima uwe hujatumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni, kama kodeini, tramadoli au mofini, kwa siku 7 hadi 10, la sivyo itakuletea ghafla dalili kali za kuacha dawa hizo. Kichefuchefu na kichwa kuuma ni vya kawaida mwanzoni. Usiinunue kwa mkono wa rafiki. Dawa za sonona nazo zinasaidia kama una sonona, na kwa maneno uliyomalizia nayo daktari anapaswa kuiangalia. Kwa kamari yenyewe hazijaonyesha faida ya kutegemewa.

Ukienda kwa daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia tiba, na kwa hali yako nakuomba uende wiki hii, mtajie kila dawa unayotumia. Dawa chache zinazoamsha mfumo wa dopamini, kama pramipeksoli na ropiniroli zinazotumika kwa Parkinson na miguu isiyotulia, pamoja na aripiprazoli, zinaweza kumwasha mtu hamu ya kamari asiyokuwa nayo kabla. Ukiwa unatumia mojawapo usiiache mwenyewe, mweleze aliyekuandikia. Mwambie pia kama kuna vipindi unalala saa mbili tatu tu na unajisikia huchoki, unaongea sana na kutapanya hela. Hiyo inaweza kuwa hali nyingine inayotaka tiba yake. Hakuna haja ya kulipia picha ya ubongo, kwani haithibitishi uraibu wa kamari wala haibadilishi tiba.

Wapo watakaokuambia upunguze tu, uweke kikomo, ubeti wikendi peke yake. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni changa, hilo wakati mwingine linawezekana. Kwa mtu aliyejaribu zaidi ya mara kumi, mwenye mikopo mitatu na mawazo ya kutoamka, nakushauri uache kabisa, pamoja na bahati nasibu ndogondogo na mabishano ya dau na marafiki. Dau dogo ni taa ileile.

Mwisho, chukua kalenda uhesabu siku yako ya kumi ijayo inaangukia lini. Kama iko karibu na mshahara, njia ya mshahara iwe imeshabadilishwa kabla. Kama ni Jumamosi, amua sasa hivi utakuwa wapi na nani kuanzia saa nane mchana, na mpira usiutazame kwa wiki kadhaa kama bado unaona odi badala ya kuona mchezo. Weka mfukoni karatasi yenye majina mawili ya watu wa kupigia. Na ukiteleza, usijisemee kwamba zote zimeharibika basi bora nimalizie. Piga simu kabla ya dau la pili, kabla hujaanza kufuata hasara ya lile la kwanza.